Kurejesha Barua Pepe Zilizofutwa kutoka Nakala ya Akiba
Mazungumzo kwa Watumishi wa Umma na Wakazi wa Mingoyo, Lindi



Mingoyo ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo, moja ikaelekea Mtwara na nyingine Masasi. Karatasi iliyosahauliwa ofisini iliweza kufuatwa kwa basi la kesho yake. Barua pepe haina basi.

Uchukuliwe mfano wa karani aliyefuta kwa bahati mbaya folda yenye barua za miezi mitatu, na humo ikiwamo orodha ya wakulima wa korosho isiyo na nakala nyingine. Kwa kuona haya, karani akanyamaza wiki tano. Kufuta kulikuwa kosa dogo. Kunyamaza ndiko kulikowaponza wakulima.

Inafaa ieleweke kwamba barua iliyofutwa haitoweki papo hapo. Kwanza huhamia kwenye folda ya takataka, na mwenye sanduku huweza kuirudisha mwenyewe. Ikiondolewa huko, seva nyingi huendelea kuihifadhi kwa siku kadhaa; katika seva za Exchange za kampuni ya Microsoft muda huo ni siku 14, msimamizi asipoubadilisha. Siku hizo zikipita hakuna njia ila kwenda kwenye nakala ya akiba, yaani nakala ya masanduku yote iliyochukuliwa usiku fulani na kuwekwa kwenye kanda au diski nyingine.

Nakala hiyo hairudishwi juu ya mfumo unaotumika. Ikirudishwa hivyo, barua zote zilizoingia tangu usiku ule, za kila mtumishi, zitapotea ili kuokoa sanduku la mmoja. Msimamizi makini huifungua pembeni, katika hifadhidata ya muda, akalitafuta sanduku linalohusika, akazitoa barua zilizopotea na kuzirejesha kwa mwenyewe katika folda ya peke yake. Kazi hiyo huhitaji nafasi kubwa ya diski na huenda ikachukua siku nzima, wala haiharakishwi kwa kumpigia msimamizi simu kila nusu saa.

Aidha, kanda hutumika kwa zamu. Ofisi yenye kanda za wiki nne, ifikapo juma la tano huandika juu ya kanda ya kwanza. Nakala ya mwisho iliyokuwa na orodha ya wakulima ni ya usiku uliotangulia kufutwa. Karani alipofungua kinywa, kanda ile ilikuwa imeshaandikwa mambo mengine.

Yapo yaliyookolewa. Tarehe 27 Februari 2011 hitilafu ya programu ilifanya masanduku ya baadhi ya watumiaji wa Gmail, takriban wawili katika kila 10,000, yaonekane matupu. Google ilikuwa na nakala katika vituo kadhaa, lakini hitilafu ilizifikia pia. Zilizosalimika ni kanda za sumaku, kwa kuwa hazikuunganishwa na mfumo, na barua zikarejeshwa kutoka humo.

Kisa cha zamani zaidi kinawahusu watumishi wa serikali. Mwezi Novemba 1986, Luteni Kanali Oliver North wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani alifuta mamia ya ujumbe wa kompyuta uliohusu mauzo ya silaha kwa Iran. Kanda za akiba zilikuwapo, na wachunguzi wakausoma. Mwaka 1989 ilifunguliwa kesi kuzuia kanda za Ikulu hiyo zisifutwe, na mwaka 1993 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kuchapa ujumbe kwenye karatasi hakutoshi. Ule wa kompyuta nao ni kumbukumbu ya serikali. Kwa Tanzania, kumbukumbu za umma zinasimamiwa na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, na barua pepe ya kazi si mali ya aliyeiandika.

Mahali pa kuweka kanda napo pana uzito. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Lindi huko Somanga, Kilwa. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikadorora nchini. Ofisi yenye nakala moja tu ndani ya jengo lake inahatarishwa na maji, na yenye nakala moja tu ya mbali inahatarishwa na waya.

Kwa mintarafu hiyo, mtumishi aliyepotelewa na barua atoe taarifa siku hiyohiyo kwa mkuu wake wa kazi na msimamizi wa mfumo. Ataje sanduku, mtumaji, na zaidi ya yote tarehe ambayo barua ilionekana mara ya mwisho, kwani kwa tarehe hiyo ndipo kanda huchaguliwa na kuondolewa kwenye zamu kabla ya usiku kuingia.