Kijiji cha Blatten: Ardhi Yake na Watu Wake

Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika



Usharika utimizapo miaka mia, desturi ni kuhesabu majengo na kuhesabu watu. Hesabu hizo mbili huenda pamoja hata mtu akadhani ni moja. Kuna kijiji nchini Uswisi ambako zilitengana katika alasiri moja tu.

Kijiji hicho ni Blatten, katika jimbo la Valais. Kimo mita 1,540 juu ya usawa wa bahari, katika bonde la Lötschental, lenye vijiji vinne vinavyojitawala: Ferden, Kippel, Wiler, na Blatten, ambacho ndicho cha juu kabisa. Mto Lonza hutoka katika barafuto ya Langgletscher, ukashuka bondeni hadi kuungana na mto Rhône. Upande wa kusini umesimama mlima Bietschhorn, wenye kimo cha mita 3,934. Eneo la Blatten ni kilomita za mraba zipatazo 90, lakini ukubwa huo usimdanganye msikilizaji. Sehemu kubwa ni miamba na barafu, wala haikaliwi na mtu. Wakazi walikuwa kiasi cha 300, wasemao Kijerumani kwa lahaja ya bonde lao, wengi wao Wakatoliki.

Hao wachache waliishi wamekaribiana sana. Nyumba zao za mbao, zilizopigwa jua miaka mingi hata zikawa nyeusi, zilisongamana mahali padogo, kwa maana ardhi ya tambarare ilikuwa haba. Ghala za kale zilisimama juu ya nguzo fupi zilizowekewa sahani za mawe ili panya asipande. Aliyelelewa karibu na kihenge hahitaji kuelezwa hekima hiyo. Mlango wa bonde ulifunguka kwa nje hasa mwaka 1913, reli ya Lötschberg ilipoanza kupita Goppenstein.

Mwezi Mei 2025 mwamba wa kilele cha Kleines Nesthorn ulianza kumeguka na kuielemea barafuto ya Birchgletscher iliyokuwa chini yake. Wataalamu waliokuwa wakiupima mlima walitoa onyo, na tarehe 19 Mei wakazi wakaamriwa kuondoka. Wakaondoka, na mifugo ikaondolewa. Si jambo jepesi kuiacha nyumba ya babu ikiwa bado imesimama, kwa neno la wapimaji. Siku tisa zilipita. Tarehe 28 Mei, alasiri, barafuto ilikatika. Barafu, mawe na matope, meta za ujazo zipatazo milioni 9, zilishuka na kufunika takriban asilimia 90 ya kijiji, kanisa likiwamo. Mto Lonza ukazibwa, ukawa ziwa, na maji yakaingia katika nyumba zilizosazwa na mawe. Mtu mmoja wa miaka 64 alipoteza maisha. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Kama agizo lile lisingetiiwa, hesabu ya waliokufa ingekuwa nyingine kabisa.

Basi Blatten ni nini leo? Katika ramani, sehemu kubwa ya makazi yake ni lundo la mawe. Lakini katika sheria ya Uswisi kijiji hakikufa: kilibaki na baraza lake, mwenyekiti wake na daftari la wakazi wake, ingawa wakazi hao walitawanyika, wengine Wiler na Kippel, wengine mbali zaidi. Waliendelea kukutana, kupiga kura na kuzika. Mwaka huohuo viongozi wao walitangaza mpango wa kujenga upya, lengo likiwa watu waanze kurudi mwaka 2029. Wako waliouliza, na swali lao si la dharau, kama fedha nyingi hivyo zitumike kwa watu 300 chini ya mlima usiotulia.

Kitongoji cha Weissenried, kilicho ubavuni juu ya kijiji, kilisalia. Asimamaye hapo huona chini yake lundo hilo, na mto Lonza ukijichimbia njia mpya katikati yake.