Daktari wa Karema na Jumuiya za Kashaulili
(Mada ya semina ya viongozi wa jumuiya ndogondogo)

Mwaka 1889 kijana wa miaka ishirini na kitu aliwasili Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Aliitwa Adrian Atiman. Kwao ni mbali mno, pande za Timbuktu nchini Mali. Alitekwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa Algeria na Mapadre Weupe, kisha akapelekwa Malta kusomea uganga wa hospitali. Hapo Karema alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, kituo kimoja.

Habari za mtu kama huyu husimuliwa kama sifa za shujaa mmoja. Ukizichungulia, kila hatua yake ina mtu mwingine ndani. Kabla hajajua hata sala moja ya Kikristo, kuna aliyekwisha kumlipia. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lililomlea, alitaka madaktari Waafrika kama yeye waishi kama wanavyoishi watu watakaowahudumia, si kwa mtindo wa Ulaya. Atiman akaoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende. Mgeni akawa mkwe. Mtoto wao Joseph akawa padre.

Mada hii inashikilia jambo moja: imani ya Mkristo haikui pembeni ya watu na kuletwa kwao ikiwa imeiva. Hukulia kwao.

Injili ya Marko, sura ya pili, inalionyesha hilo waziwazi. Watu wanne wanambeba mwenzao aliyepooza, wanatoboa dari, wanamteremsha mbele ya Yesu. Yesu anatazama imani yao, imani ya wabebaji, ndipo anasema na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hajatamka neno. Wapo waumini wengi waliofika kwa Mungu kwa njia hiyo, wakiwa wamelala kwenye mkeka wa wenzao.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walilitambua hilo kwa namna yao. Mwaka 1973, na tena mwaka 1976, katika mikutano mikuu ya shirikisho lao, AMECEA, yote miwili Nairobi, walikubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogondogo, yaani familia chache za majirani wanaofahamiana. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Katika umati wa Misa ya Jumapili mtu anaweza kukosekana mwezi mzima na asiulizwe. Ndani ya familia kumi na tano haiwezekani.

Kashaulili ni kata ya katikati ya mji wa Mpanda, katika mkoa huohuo wa Katavi, na mji ni wa watu waliokuja: wachimbaji wa dhahabu, wafanyabiashara, watumishi waliohamishiwa kikazi. Wengi ndugu zao wako mikoa mingine. Kwa hao jumuiya ndiyo ukoo. Viti vya kuazima vinapangwa uani, Injili ya Jumapili ijayo inasomwa, kisha kimya kidogo. Mama aliyekaa mwisho anasema neno la Mungu limemgusa vipi, na katikati ya maneno yake inajulikana kwamba mtoto wake ana homa tangu juzi. Hapo sala inapata mtu wa kumwombea, na baada ya sala kuna atakayebaki na watoto wake wengine ili yeye aende hospitali.

Hapohapo pana hatari, na viongozi wanaijua. Jumuiya nyingi zimegeuka meza ya kukusanya michango na ya kuandika barua za ubatizo na ndoa. Michango ni halali. Lakini maskini anayekwepa jumuiya kwa sababu hana elfu mbili amefungiwa mlango uleule ambao angepitia kumkuta Mungu. Hili ni jeraha, na semina isilipite kwa upole.

Kipimo kigumu zaidi kiko nje ya mji. Makazi ya Katumba, na baadaye ya Mishamo, yalipokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walilima na kuzaa watoto katika ardhi hii, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi ya wakimbizi hao wa 1972 walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Cheti hutolewa siku moja. Kuitwa jirani huchukua muda. Jumuiya ambayo bado inamwita mwenzao mkimbizi, miaka kumi na zaidi baada ya cheti chake, haijamaliza kusoma Injili inayoifungua kila wiki.

Pendekezo kwa viongozi ni dogo na linaweza kuanza wiki hii. Kabla daftari la michango halijafunguliwa, mwenyekiti aulize nani hayupo, kwa jina. Wachaguliwe wawili wa kwenda kwake siku hiyohiyo, mikono mitupu ikibidi, na mkutano unaofuata uanze kwa taarifa yao.