Tunaishika Simu Kama Redio

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Jamii katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Tulipopewa nafasi hii ya kusema juu ya mawasiliano, baadhi yenu mlidhani tutasoma orodha ya shida: mtandao hafifu, mahali pa kuchaji simu, ubao wa matangazo ulioliwa na mchwa. Shida hizo zipo, na ubao ule kweli mchwa wameumaliza. Lakini leo tumeona tuseme jambo lililo ndani zaidi. Tangu tulipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, pamoja na ndugu zetu waliotufuata miaka ya baadaye, tumepokea habari za nyumbani kwa njia mbalimbali, na kila njia imetufundisha namna yake ya kufikiri. Hatukuona kuwa tunafundishwa. Tulidhani tunapata habari tu.

Vijana wetu huamini kwamba kupelekeana habari za mbali kulianza na simu. Wazee waliotoka pande za Kisangani wanajua vingine. Walokele, watu wa Mto Kongo, walikuwa na ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, yenye midomo miwili; mmoja hutoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Lugha yao nayo ina sauti za kupanda na kushuka, kwa hiyo ngoma huifuata lugha. Tatizo ni kwamba maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Neno la mwezi, neno la kuku na neno la samaki wa aina fulani, kwenye ngoma ni kitu kimoja. Basi mpigaji hasemi "mwezi" peke yake. Husema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu, na hapo hakuna wa kudhani ni kuku. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1949, "Talking Drums of Africa".

Tazameni ngoma ile ilimfanya mtu awe wa namna gani. Hawezi kusema kwa haraka, maana neno fupi halieleweki. Hawezi kusema kwa siri, maana kila mwenye masikio anasikia. Mpigaji anajulikana ni nani, na kijiji cha pili kikiwa na mashaka kinapiga ngoma yake kuuliza. Hilo la mwisho tunaomba mlishike, tutalirudia.

Tulipofika huku hatukuwa na ngoma wala simu. Tulikuwa na fomu ya Msalaba Mwekundu. Wengi mnaikumbuka: karatasi moja isiyofungwa, na sharti kwamba mtu aandike habari za kifamilia tu. Vita, majeshi na siasa haviruhusiwi, kwa sababu karatasi hiyo hupita mikononi mwa watu wengi na husomwa kabla ya kufika. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia watu wa Ulaya waliandikiana fomu za namna hiyo kwa maneno 25 tu. Sisi tulipata nafasi kubwa zaidi, lakini tulijifunza ufupi ule ule. "Sisi wazima. Mama mdogo alijifungua mtoto wa kiume. Babu alitutoka. Salamu kwa wote."

Hatuilaumu fomu ile hata kidogo. Kuna watu wamekaa hapa mbele ambao bila karatasi hiyo wasingejua kama watoto wao wanaishi. Lakini ilitufanyia jambo ambalo tulikuja kulitambua baada ya miaka mingi. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa kambini, ambaye alikuwa akimsomea bibi yake barua hizo kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yamefifia, siku moja alituuliza: "Huko nyumbani watu hawalimi?" Tulicheka. Halafu tukanyamaza. Katika barua zote alizosoma, watu wa nyumbani walizaliwa, waliolewa na kufa. Hakuna aliyepanda muhogo, hakuna aliyegombana na jirani kwa ajili ya mpaka, hakuna aliyepandishiwa bei ya chumvi. Na waliokufa hawakufa kwa sababu yoyote, walitutoka tu. Sisi watu wazima tulikuwa tukijaza mapengo yale kwa kumbukumbu zetu. Mtoto hakuwa na kumbukumbu za kujazia, akaamini kwamba nyumbani ndiko huko.

Kisha ilikuwapo redio. Kijiji kizima kilikuwa na redio tatu au nne, na mawe ya redio yakiisha nguvu tuliyaanika juani kama dagaa ili yatusukumie taarifa moja zaidi. Jioni watu walikusanyika kwa mwenye redio, mmoja akishika antena, wote kimya. BBC, Sauti ya Amerika, Sauti ya Ujerumani. Taarifa ikiisha, hapo ndipo mkutano ulipoanza: mzee huyu anasema mji umetekwa, yule anasema hawakusema umetekwa, wamesema wapiganaji wamedai kuuteka. Tofauti hiyo ya "umetekwa" na "wamedai" iliweza kuwafikisha usiku wa manane. Tunawaambia vijana kwamba hicho kilikuwa chuo chetu.

Redio ilipanga hata siku ya mtu. Idhaa ya BBC ya Gahuzamiryango, iliyoanza mwaka 1994 kwa Kinyarwanda na Kirundi, ilikuwa ikisoma majina ya watu waliopotezana na ndugu zao. Mama mmoja, jirani yetu, alikuwa haendi kuni wala kisimani saa hiyo. Miaka ilipita na jina alilolingoja halikusomwa. Hakusema kwamba mwanawe amekufa, alisema, "Bado hawajamfikia." Katika akili yake orodha ilikuwa inaendelea, na mwanawe alikuwa ndani ya orodha, mbele kidogo. Hatukuthubutu kumwambia lolote, na hata leo hatujui kama tungepaswa.

Lakini chombo ni kile kile, na lazima tuseme upande wake wa pili, maana eneo letu la Maziwa Makuu ndilo lililouonyesha ulimwengu. RTLM ilianza kutangaza mjini Kigali Julai 1993. Redio ya serikali ilikuwa ya taratibu na ya kiofisi. Hii mpya ilikuja na muziki, zikiwamo nyimbo za kwetu Zaire ya wakati huo, na mizaha, na lugha ya mtaani, na watu kupiga simu wakasikika hewani. Msikilizaji alijiona yuko barazani na marafiki. Na ndani ya mazungumzo hayo matamu, watu wengine waliitwa mende, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka neno likazoeleka masikioni. Baada ya tarehe 6 Aprili 1994 redio hiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na kwenye vizuizi vya barabarani walikuwapo walinzi wenye panga na redio. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini ilikubali kwamba matangazo ya baada ya tarehe hiyo yalichangia mauaji.

Msidhani tunasema redio peke yake iliua. Walikuwapo viongozi waliotoa amri, ilikuwapo hofu, yalikuwapo mashamba ya watu yaliyotamaniwa. Wako pia waliosikiliza redio hiyo hiyo wakawaficha majirani zao chini ya vitanda. Tunachotaka mkione ni hiki: redio ile ilijifanya mazungumzo, na haikuwa mazungumzo. Anayetajwa jina hawezi kujibu. Anayesikiliza hawezi kumshika mkono msemaji akamwambia, "Subiri, huyo namjua, ni mkwe wangu." Sauti inapita, inakwenda, na neno lililosemwa limebaki kwako bila mwenyewe.

Redio nyingine zilijaribu kutengeneza kilichoharibika. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kule Ngara. Kwetu Kongo, Radio Okapi ilianza Februari 2002, ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne. Tuliisikia nchi iliyokatwa vipande na vita ikitajwa tena kama nchi moja, Kisangani na Bukavu katika taarifa moja. Lakini hata redio njema hunena nasi tukinyamaza. Tulizoea hivyo. Miaka ishirini ya kunyamaza mbele ya sauti si michache.

Ndipo ikaja simu.

Ndugu zetu, simu ni ngoma. Inakwenda na inarudi. Kwa mara ya kwanza tangu tuvuke ziwa tulipewa chombo cha kuuliza, "Umesema nini? Umeona mwenyewe?" Nasi tumefanya nini nayo? Tunaishika simu kama redio. Sauti iliyorekodiwa inaingia kwa WhatsApp, tunaitega sikio, tunainamisha kichwa, tunaipeleka kwa wengine kumi. Hatuulizi. Zaidi ya hayo, zamani tulisikiliza pamoja na kubishana. Siku hizi kila mtu anasikiliza na waya wake masikioni, na mabishano hayapo.

Na liko jambo lingine gumu zaidi. Redio ilikuwa sauti ya mgeni, hivyo tuliweza kuitilia shaka. Sauti ya kwenye simu inaletwa na kaka yako. Unasema, "Kaka yangu hawezi kunidanganya," na ni kweli hakudanganyi. Lakini si yeye aliyesema. Yeye naye ameletewa na shemeji, na shemeji ameletewa na mtu wa kanisani. Mapenzi ya ndugu yanageuka kuwa ushahidi.

Mwenzetu mmoja yuko hapa leo, na ametupa ruhusa ya kulisimulia lake bila jina. Alipokea sauti iliyosema kwamba huko kwao kumetulia, watu wanarudi, viwanja vya wanaochelewa vitagawiwa wengine. Aliisikiliza mara nyingi. Kilichomshinda si maneno. Nyuma ya maneno, anasema, jogoo aliwika, na mwanamke alikuwa akitwanga. Miaka yote alikuwa hajasikia jogoo wa kwao. Akasema moyoni: penye jogoo na kinu pana amani. Aliuza baiskeli, akauza cherehani ya mkewe na akiba ya mahindi, akaondoka na watoto wanne. Alifika akakuta mapigano, akarudi baada ya majuma sita, mikono mitupu, na mtoto mmoja mgonjwa. Baadaye tulikaa naye, tukaifuatilia sauti ile kutoka kwa aliyeituma hadi kwa aliyemtumia huyo. Ilikuwa imerekodiwa zaidi ya miaka miwili nyuma, na mtu wa kijiji kingine kabisa. Jogoo alikuwa wa kweli. Hakuwa wa kwao, wala hakuwa wa mwaka ule.

Wazee wetu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa heshima zote, methali hiyo imetugharimu cherehani. Ilisemwa na watu wa kijiji kimoja, ambako anayesema na anayesemwa wanakutana kisimani kabla ya jua kuchwa. Barua ilikuwa na tarehe juu. Redio ilikuwa na saa yake na jina la mtangazaji. Sauti ya simu inafika bila mwaka, ikiwa mbichi kama iliyosemwa sasa hivi.

Kurudi nyumbani au kubaki ni uamuzi ambao hakuna kati yetu anayeweza kumfanyia mwenzake, na kamati haitaki kumzuia mtu wala kumsukuma. Ila tumekubaliana jambo dogo. Kila Jumamosi baada ya saa tisa, chini ya mwembe ulio nyuma ya shule, yeyote aliyepokea sauti au picha inayohusu kurudi, posho au usalama wa nyumbani aje nayo. Tunaisikiliza pamoja, kwa nguvu, kama tulivyoisikiliza redio. Halafu tunapiga simu kwa aliyeituma, mbele ya watu, tunamwuliza ameipata kwa nani na lini. Akitaja mtu, tunampigia huyo naye. Muda wa maongezi unachangwa papo hapo. Akina mama wa soko wametoa wa mwezi huu, tunawashukuru.

Jumamosi ijayo tutaanza na ile sauti ya mwanamume inayosema orodha ya majina itafungwa mwisho wa mwezi. Mpaka jana jioni tulikuwa tumeletewa na watu tisa, wote kutoka kwa ndugu zao. Tumekwisha kurudi nyuma hatua nne. Mtu wa hatua ya tano hakupokea simu jana; tutampigia tena hapo mwembeni.