Juu ya Fedha za Umma na Vikundi vya Ngoma
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)

Bwana Mwenyekiti, wakubwa wetu, na ndugu wanachama,

Nimepewa dakika chache niseme juu ya msaada wa serikali kwa vikundi vya ngoma na nyimbo katika Bukoba na Muleba. Naomba radhi tangu mwanzo, maana nitagusa na habari za meza zetu wenyewe.

Zamani za Abakama jambo hili halikuwa na shaka. Mpiga enanga alikuwa na nafasi yake katika kikale, yaani nyumba ya mtawala. Aliimba habari za Rukiza na za Kachwenyanja, naye alilishwa na kutunzwa. Mtawala aliyatoa hayo katika mali aliyoipata kwa watu. Basi tusidhani ya kuwa sanaa kulishwa kwa mali ya umma ni jambo jipya lililoletwa na meli. Mwaka 1962 serikali iliunda wizara ya utamaduni, hata kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata, lakini makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Mlango wa kikale ulifungwa, wala huku kwetu haukufunguliwa mwingine mahali pake. Habibu Selemani, ambaye Profesa Mulokozi alimwandika kuwa ndiye wa mwisho wa waimbaji wale wakuu, alifariki mwaka 1993.

Sasa fedha iko wapi? Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kwetu ushuru wa kahawa umo katika mapato hayo.

Mwaka mmoja, katika ofisi nisiyopenda kuitaja, kikundi cha akina mama kilileta maombi wapate kununua ngoma na sare. Mimi ndiye niliyeyapokea. Nilizoea kuona kuku, ushonaji na pikipiki. Ngoma sikuwa nimeiona, nikawarudishia karatasi yao. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, katika arusi yako walicheza akina nani?" Walikuwa ni wao, nami niliwalipa kwa mkono wangu. Biashara yao niliijua kuliko ya kuku.

Akina mama hao wafaa kukopeshwa, maana arusi huwalipa. Walakini mzee wa enanga, mwanamume mwenye viungo vizima, hayumo katika mafungu yale matatu. Tena hata angekuwamo, mkopo haumfai. Atalipa kwa nini? Usiku mzima wa kuimba hupata chungu cha rubisi na noti mbili. Yeye ahitaji posho ndogo, na vijana wawili au watatu wa kukaa miguuni pake mpaka vidole vyao vijue nyuzi. Hilo ni fungu la matumizi katika bajeti, chini ya Afisa Utamaduni, si mkopo.

Liko na jambo jingine, dogo, lililo katika uwezo wetu makarani. Mgeni mkubwa ajapo, mwenye hema hulipwa kwa hati, mwenye vipaza sauti vilevile. Wacheza ngoma, waliosimama juani tangu saa mbili, hupewa soda na kubebwa katika lori. Nimeandika hati nyingi za mahema. Ya ngoma sijapata kuandika hata moja, wala hakuna aliyenikataza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu ya kuwa sisi wanachama tutawaomba wakubwa wetu mambo mawili: fungu hilo la posho liingizwe katika makadirio ya mwaka ujao, na kila kikundi kiitwacho na ofisi kikubaliane nayo malipo kabla ya siku yenyewe, na hati iandaliwe pamoja na ile ya hema.

Nimekwisha. Niko tayari kuulizwa.