Tabia Zetu na Namna Tunavyowaona Wenzetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Jordbro, Stockholm)



Awali ya yote nawashukuru wenyeji wetu wa Jordbro kwa kutupokea sisi tuliotoka Muscat, Tanga, Mombasa na Toronto. Nimeombwa niseme machache juu ya tabia ya mtu na jinsi inavyomwongoza katika kuwaona wengine.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Wataalamu wa saikolojia nao wameufikia ukweli huo kwa njia yao. Mwaka 1921 Carl Gustav Jung, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu kilichowagawa watu katika namna mbili kubwa: wale ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wale ambao huelekea ndani. Mwaka 1946 huko Marekani, Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu wasiyemjua. Kundi moja liliambiwa kuwa mtu huyo ana moyo mkunjufu, jingine kuwa ana moyo baridi. Sifa nyingine zote zilikuwa zile zile. Kundi la kwanza likamdhania mkarimu, na wengi wa kundi la pili wakamdhania kinyume chake. Na mwaka 2010 Dustin Wood, Peter Harms na Simine Vazire walionyesha kwamba mtu anayewaona wenzake kuwa wema huelekea kuwa yeye mwenyewe mtulivu na mwenye furaha. Basi tumsemapo mtu, twajisema na sisi.

Hata hivyo, tusiwafungie watu katika masanduku. Wengi wetu tu katikati, si wacheshi kabisa wala si wakimya kabisa.

Nchi nayo huongeza lake. Katika treni ya hapa, kukaa kimya karibu na mgeni ni adabu. Kwetu, kumpita mtu bila salamu ni dharau. Kimya hicho hicho, umpendaye utakiita upole, na usiyempenda utakiita kiburi. Watoto waliokulia hapa wanaumia wanapoambiwa wamekuwa Wazungu, kumbe wengine wao ni wakimya kama babu yao alivyokuwa.

Natoa mfano wa kwetu, kwa idhini ya wenyewe. Paa la nyumba ya babu huko Tanga lilipovuja, ndugu wawili walitakiwa wachangie. Yule wa Muscat, mcheshi na mwepesi wa kuahidi, alipiga simu siku ile ile, jamaa wote wakasikia. Huyu wa Jordbro, mkimya na mtu wa hesabu, aliomba kwanza makisio ya fundi. Wa kwanza akasema, "Huyu hana tena uchungu na kwao." Wa pili akasema, "Yule anapenda kusifiwa." Miaka miwili hawakusemezana, hata harusi ikapita upande mmoja haukuhudhuria.

Mweka hazina alipowafungulia daftari, ilionekana kuwa fedha zao zilikuwa sawasawa, na zote zilifika kabla ya masika. Mcheshi alihesabu kuchelewa kuwa ni kukataa, kwa sababu yeye hachelewi ila asipotaka. Mkimya alihesabu sauti kubwa kuwa ni majivuno, kwa sababu yeye hapazi sauti ila ana la kujionyesha. Kila mmoja alimpima mwenziwe kwa pishi ya nyumbani kwake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kabla hatujampa mtu jina la ubaya, tumwulize yeye mwenyewe sababu ya alilotenda. Pili, katika vikao vyetu wasemaji wawape nafasi wakimya, na wakimya nao watie neno, maana kimya hakina mkalimani. Tatu, watoto wetu tuwafundishe salamu za kwetu bila kuwatukana kwa haya zao.

Tumetawanyika, na wazee wanaotujua sote wanapungua. Tukiendelea kuhukumiana kwa simu, wajukuu wetu watarithi magomvi wasiyoyajua asili yake. Nyumba ya Tanga imekwisha kuezekwa. Iliyobaki kuezekwa ni hii yetu.