Tepu ya Nyaya za Gari



Hapa Unguja, waya wa gari ulio wazi huliwa upesi na hewa ya chumvi. Kwa hiyo tunawanasihi: mnunuapo tepu, iwe Darajani au kwengineko, someni kwanza kiwango cha joto. Tepu nyingi za plastiki huhimili nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Karibu na injini gundi hulainika, tepu ikabanduka. Hapo takeni tepu ya kitambaa iliyokusudiwa injini.

Kabla ya kufunga, ondoeni waya hasi wa betri, safisheni na kukausha kiungo, kisha kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Waya ulioungua usifichwe kwa tepu, ubadilishwe. Moto wa daladala haungoji abiria washuke.