Aliyesahau Jina Lake

Mazungumzo kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, katika kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita



Kila tarehe 8 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, na tangu mwaka 2015 siku hiyo ni pia siku ya kuwaombea walionaswa katika biashara ya watu. Tumemchagua awe mwalimu wetu leo, kwa maana tunataka kuzungumzia ugonjwa usiopimwa hospitalini, yaani mtu kujiona si kitu.

Bakhita alizaliwa Darfur, nchini Sudani, yapata mwaka 1869. Angali mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Hofu ilimshika hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Nasi tusemao Kiswahili twaisikia mara moja dhihaka iliyomo. Aliuzwa na kununuliwa mara kadhaa. Mwili wake ulichanjwa kwa wembe, na majeraha yakatiwa chumvi.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akawa yaya. Huko Venice aliachwa kwa Masista wa Canossa, nao wakamfundisha katekisimu. Bi mkubwa wake aliporudi kumchukua, alikataa kuondoka. Shauri lilifika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Baadaye alikuwa mtawa, akafariki mwaka 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Tuzingatie jambo moja. Mahakama ilimpa uhuru, lakini mahakama haiwezi kumpa mtu ukoo. Ukoo aliupata katika ubatizo. Tangu siku ile alionekana mara nyingi akibusu kisima cha ubatizo, akisema kwamba hapo ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Hakupona kwa kujisifu moyoni. Alipona kwa sababu aliitwa na Mungu, na wapo watu waliomfungulia mlango.

Sasa tujitazame. Twakiri mbele yenu kosa letu wenyewe. Kwa miezi mingi tulifika katika nyumba moja kwa sala ya jumuiya, tukapangiwa viti na kumiminiwa chai na binti wa kazi, wala hatukuuliza jina lake. Wakati wa sala alibaki jikoni. Tulipoandika sensa ya parokia tulihesabu watu watano katika nyumba ile, naye hakuwemo. Siku tulipomwuliza yeye ni nani, aliinamisha kichwa akajibu: “Mimi, Padre, ni wa kazi tu.”

Binti yule hakuzaliwa na maneno hayo. Alifundishwa, na sisi tuliokunywa chai yake tulikuwa miongoni mwa walimu wake. Kumbe alikuwa amebatizwa zamani, katika kigango cha kijijini kwao.

Ndugu, ibada ya ubatizo wa mtoto huanza kwa padre kuwauliza wazazi jina la mtoto wao. Hawaulizi mshahara wala elimu yao. Naye Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake mmoja mmoja kwa jina (Yoh 10:3). Basi, kumwambia mtu “jiamini” huku tukimnyima kiti ni maneno matupu.

Hatuna budi kutenda. Kwanza, kila jumuiya ihesabu upya watu wa kila nyumba, na kuandika jina la kila mmoja, akiwemo mfanyakazi wa nyumbani, mlinzi na mpangaji. Pili, mfanyakazi apewe siku yake ya mapumziko na nafasi ya kwenda Misa. Na katika jumuiya aketi pamoja nasi na kusoma Neno. Tatu, alipwe ujira wake wote kwa wakati. Ile desturi ya kusema “nakutunzia fedha zako” hata zikapotea, tuiache. Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na Mungu husikia (Yak 5:4).

Na kama yupo hapa anayejiona hafai, hatumwambii ajitahidi kujiona mkubwa. Twamwomba tu atuambie jina lake. Mungu alilijua kabla yetu, wala hakuna mwajiri awezaye kulifuta.

Juma lililofuata yule binti alisoma somo katika jumuiya. Sauti yake ilikuwa ndogo, nasi tukasogeza viti karibu ili tumsikie.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee. Amina.